Sura ya Tisa: Maji ya Kunawa

Kikao kilipangwa saa nane mchana, na mpaka saa sita Evelina alikuwa bado hajajua avae nini. Fundi cherehani mzima, ambaye nusu ya maharusi wa Igoma wamepita mikononi mwake, siku ya kuamuliwa harusi yake mwenyewe alikaa kitandani kajifunga khanga kama mtoto aliyesusa shule. Mwisho akavaa gauni la kijivu, lile la kuendea misibani. Hakulichagua kwa makusudi. Ndilo mkono wake uliloligusa kwanza.

Alitoka kwa mlango wa nyuma ili shangazi yake asimwone, akashuka njia ya mawe kuelekea ziwani. Nyumba ya wazazi wake pale Igombe haiko mbali na maji, mtu ukitembea haraka hata uji haupoi. Alipita vichanja vya dagaa, akaitikia salamu za wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa juani, na akajua kabisa kwamba akishawapa mgongo watamsema. Wamseme tu. Kwa wiki tano walikuwa hawana kazi nyingine.

Maige alikuwa nyuma ya jiwe kubwa, pale walipokubaliana. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kufundishia, na kola imekaa vibaya. Evelina alinyoosha mkono airekebishe, kisha akaurudisha.

"Umekonda," Maige alisema.

"Na wewe umekonda. Sasa tunafanana, watu watadhani tumezaliwa nyumba moja."

Hakucheka. Zamani angecheka. Huyu ndiye Maige aliyeingia dukani kwake Igoma mwaka jana na orodha ya majina thelathini na mawili, akitaka makoti meupe kwa wanafunzi wake wa kidato cha tatu, mkondo wa amali, somo la afya. Evelina alimsalimia shikamoo kama anavyosalimiwa mwalimu yeyote, na yeye akageuka nyuma kutazama ni mzee gani ameingia. "Mimi shikamoo yako siitaki," alimwambia. "Niite jina langu tu." Tangu siku hiyo ikawa ndio utani wao. Kila akitaka kumchokoza, Evelina anampa shikamoo, na Maige anaziba masikio. Hakuitikia hata mara moja.

"Nimepata barua," Maige alisema sasa. "Sengerema kuna sekondari inaanzisha somo la afya. Wanataka mwalimu aliyewahi kuwa nesi, na mimi nimekaa wodini miaka sita. Nimekubali. Naondoka leo baada ya kikao." Akamtazama machoni. "Tuondoke wote, Eve. Wewe chukua cherehani, mimi nachukua vitabu. Wakituona tuna mtoto watatusamehe."

"Na mama?"

Maige akatazama maji.

"Mama hajatoka chumbani wiki ya tano hii," Evelina alisema. "Hali chakula mbele ya mtu. Damu yake ni ndogo, walimwambia arudi kituoni waipime tena, na amekataa. Anasema atapitaje njiani. Juzi nimemshika mkono nikadhani nimeshika mwiko. Halafu nimwambie mimi naenda Sengerema na mkwe wake?"

"Sijasema umwambie."

"Hilo ndilo baya zaidi."

Msomaji ambaye hajui yaliyotokea atawaona wawili hawa ni watoto wa kudeka. Basi ajue.

Mwezi wa sita ng'ombe wa mahari walifika kwa Mzee Ngosha, baba yake Evelina, na kuanzia siku hiyo Maige akawa mkwe wa kweli. Kwa Wasukuma wa ukoo ule, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kupishana. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Wilhelmina, mama yake Evelina, alilishika jambo hilo kuliko wote, hata Maige akipita barabarani kwa pikipiki yeye hujifunika khanga usoni. Na hapohapo alikuwa na siri. Akiwa na miaka arobaini na minne alikuwa mjamzito, tena aliona haya. Binti ana mchumba, ng'ombe wameshapokelewa, halafu mama naye anabeba mimba? Akajifunga vitenge viwili, akanyamaza, kliniki hakukanyaga. Mumewe aliambiwa. Watoto hawakuambiwa.

Jumamosi moja mwezi wa tisa, Maige aliwaleta wanafunzi wake Igombe kutembelea kaya. Ilikuwa sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo: wapime wazee presha, wahesabu mapigo ya moyo, waandike. Hellen, mdogo wake Evelina, alikuwa miongoni mwao. Alitaka kuwa mkunga tangu akiwa darasa la nne, na koti lake jeupe Evelina alilishona kwa mishono miwili ili lifike kidato cha nne. Kundi la Hellen liliingia nyumbani kwao. Mwalimu alibaki barabarani, kwenye vichanja vya dagaa, kama mkwe anavyotakiwa.

Kisha Hellen akatoka anakimbia. Mama yuko chini, mtoto ametoka, na damu haisimami.

Mzee Ngosha alikuwa mnadani. Evelina, aliyekuja kupumzika wikiendi, alikuwa ameshika pazia la mlango wa chumba. Hellen akarudi ndani, na Maige akamfuata mbio hadi sebuleni, akafika kwenye lile pazia, akasimama kana kwamba amegonga ukuta.

"Hellen!" aliita kutoka nje. "Mtoto amelia?"

"Amelia mara moja, Mwalimu!"

"Basi mfunike, mshike mama. Weka mkono juu ya tumbo, chini ya kitovu. Unakipata kizazi? Kikande kama tulivyofanya darasani!"

Darasani walikuwa na sanamu moja, mwanamke wa plastiki aliyepatikana hospitali baada ya kuvunjika mguu. Wanafunzi walimwita Mgonjwa wa Milele kwa sababu kila juma alikuwa anazaa na hafi. Hellen alikuwa wa kwanza kwa kumkanda. Lakini tumbo la plastiki ni gumu siku zote. Hakuna aliyewahi kumwonyesha mtoto yule tumbo lililolegea.

"Nimekanda, Mwalimu! Liko sawa! Limekuwa laini!"

Maige aliufunika uso kwa mikono miwili. Laini ndiyo ilikuwa hatari yenyewe.

"Lisiwe laini, Hellen! Likaze! Kanda mpaka likaze!"

"Halikazi! Mwalimu, halikazi!" Na sasa Hellen alikuwa analia.

Hapo ndipo Maige alipomtazama Evelina. Evelina alikumbuka macho yale kila siku iliyofuata, yalikuwa yanaomba ruhusa kama macho ya mtu aliyesimama mlangoni na mzigo mzito. Naye akalivuta pazia kando kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Ingia."

Akaingia. Alikibana kizazi kwa mikono miwili, mmoja juu ya tumbo na mwingine ndani, ndivyo inavyofanywa wakati hakuna njia nyingine, na hakukiachia. Gari aina ya Noah la jirani liliwabeba hadi kituo cha afya, yeye amepiga magoti kwenye sakafu ya gari na mikono iko palepale. Waliposhushwa khanga ilidondoka. Ilikuwa siku ya gulio. Watu wote wa gulioni waliona.

Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alikutwa amefariki kitandani chini ya khanga aliyofunikwa. Walimzika nyuma ya nyumba. Kwa haraka ile hapakuwa na sanda, akazungushiwa lile pazia.

"Nilisimama nje dakika nne," Maige alisema sasa pale jiweni, bila kuulizwa. "Najua ni nne, mimi ndiye ninayewafundisha kutazama saa. Kila Jumatatu nawaambia mgonjwa hana ukoo. Halafu siku yangu ilipofika nikasimama mlangoni naheshimu ukwe. Mtoto yule alilia, Eve. Ningeingia mara moja, mimi ningemshika mama na Hellen angempangusa mtoto, angepumua."

"Usiseme hivyo."

"Nitamwambia nani zaidi yako?"

Evelina alimshika mkono. Huu ndio mkono aliouona ukipima mapigo ya moyo ya fundi mwenzake mzee, taratibu, kama anayesikiliza redio ya jirani. Akaubana. Alimpenda mpaka kifua kikamuuma.

"Wanasema ulijiingilia tu, ukatudharau," alisema. "Kwa nini hujawaambia kwamba mimi ndiye niliyefungua?"

"Kwa sababu mimi naweza kuondoka. Wewe hapa ni kwenu."

"Leo nitasema."

"Usiseme, Eve. Nakuomba."

Evelina alimwachia mkono. Waliachana kwa njia mbili tofauti, kama wezi.

*

Sebuleni kwa Mzee Ngosha kulikuwa na viti sita na watu watano, na bado hewa ilikuwa haitoshi. Mzee alikaa chini ya kalenda ya parokia, mikono juu ya fimbo. Kulia kwake alikaa dada yake mkubwa, Shangazi Odeta, mwanamke ambaye akiingia nyumbani mwa mtu hata kuku wanatembea kwa adabu. Maige aliwekewa kigoda karibu na mlango. Alikuja peke yake. Baba na mama yake walikufa akiwa mdogo, na baba yake mdogo aliyepeleka ng'ombe alikuwa mgonjwa Magu. Hellen alikaa mkekani, kainamisha kichwa. Evelina akakaa kando yake. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa na pazia jipya, la maua ya bluu, na nyuma yake hapakusikika hata kikohozi.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, shangazi," Maige alisema.

"Marahaba," Mzee Ngosha aliitikia. Odeta hakuitikia.

"Mimi sitazunguka mbuyu," Odeta alianza. "Ng'ombe watarudishwa, wote, na ndama aliyezaliwa hapa. Sisi si watu wa kudhulumu. Lakini mwanaume aliyemwona mama mkwe wake alivyozaliwa hawezi kumlala binti yake. Haijawahi kutokea kwenye ukoo huu, na haitaanza mimi nikiwa na meno."

"Dada," Mzee Ngosha alisema polepole, "huyu kijana alimwokoa mke wangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai."

"Walimwambia mjamzito mbele ya mkunga. Hawakumwambia mama mkwe mbele ya mkwe!" Odeta alimgeukia Maige. "Hebu niambie wewe, Mwalimu. Huko nje hapakuwa na wanawake? Pale kwenye dagaa walikuwa zaidi ya kumi. Ulishindwa kuita hata mmoja?"

"Wangekuja, shangazi. Lakini hawajui kuishika damu."

"Na wanafunzi wako wanajua? Si ndio mnawafundisha? Tuliambiwa mtoto atasoma na hapohapo atapata kazi ya mikono, atatibu watu. Haya, mikono ya Hellen ilikuwepo. Ilifanya nini?"

Hellen alijikunja. Tangu siku ile hakurudi shule. Odeta ndiye aliyekuwa amelichukua koti jeupe, akalifungia kwenye sanduku lake, akasema somo lililomvua mama nguo halitasomwa na mtoto wa nyumba hii.

"Nilidhani laini ni vizuri," Hellen alisema, sauti haifiki hata dirishani. "Sanamu haijawahi kuwa laini. Sikujua."

"Kosa hilo ni langu," Maige alisema haraka. "Nilimfundisha kwa plastiki nikategemea ajue nyama. Yeye alifanya kila nililomwambia. Mkinifukuza mimi, nifukuzeni. Hellen mumrudishe darasani. Watoto thelathini na wawili ninao, shangazi, na mmoja tu hakukimbia siku ile. Ni yeye."

"Unatupangia?"

"Naomba."

"Na kuingia chumbani kwa mama mkwe uliomba kwa nani?"

Maige akainama. "Niliingia mwenyewe."

"Mnasikia? Aliingia mwenyewe! Kama zizini!"

"Mwongo," Evelina alisema.

Hata yeye alishtuka kwa sauti yake. Maige alitikisa kichwa, taratibu, akimsihi. Lakini maneno yaliyokaa wiki tano tumboni yakianza kutoka hayasikii breki.

"Anasema uongo kwa ajili yangu. Alisimama mlangoni, shangazi. Alisimama mpaka damu ikapita chini ya pazia ikafika kwenye viatu vyake, na bado hakuingia, kwa sababu ya heshima yenu hiyo. Mimi ndiye niliyefungua pazia. Mimi ndiye niliyesema ingia. Kama kuna aliyemvua mama nguo, ni mimi hapa, binti yake wa kwanza. Mnarudisha ng'ombe kwa wenyewe, basi nirudisheni na mimi, kama mnajua wenyewe wangu ni nani."

Mzee Ngosha alifuta uso kwa kiganja.

Na pazia la maua ya bluu likasogea.

Mama Wilhelmina alitoka akishika ukuta. Gauni lilimning'inia. Midomo ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyekula unga. Mkono mmoja ulishika ukuta, na wa pili ulibeba bakuli la udongo, lile lililokuwa la mama yake, lenye ugali na maziwa ya mgando. Aliupika saa ngapi, hakuna aliyejua. Maige alipomwona aliruka kutoka kwenye kigoda, akageuza uso ukutani kama mkwe anavyopaswa.

"Geuka," mama alisema.

Hakugeuka.

"Geuka, baba. Umeshaniona. Tusidanganyane mchana huu."

Maige akageuka. Mama Wilhelmina aliketi chini, katikati ya sebule, akaweka bakuli mbele yake. Alihema kwanza.

"Nimesikia yote. Siku ile pia nilisikia. Nilikuwa siwezi kusema lakini nilikusikia ukisimama. Nilikuwa nasema moyoni, asiingie, asiingie, bora nife. Halafu Evelina akasema ingia, na mimi nikakasirika na nikafurahi papo hapo." Alimtazama binti yake. "Usilie. Mimi sijakulaumu."

"Mama..."

"Ngoja nimalize, nguvu zenyewe ni za kuazima. Maige, sina hasira na wewe. Bila wewe ningelala pale nyuma na mwanangu. Nimejaribu. Kila asubuhi najiambia, Wilhelmina, toka, yule ni mkwe wako, kijana mzuri, alikusaidia. Nikifika kwenye hilo neno mkwe, mwili wote unakataa. Chakula hakishuki. Nimekuwa mfungwa ndani mwangu. Nikikuona siku ya harusi umesimama na binti yangu nitakufa kwa aibu, na si msemo, nitakufa kweli. Najijua."

Nje, mwanamke mmoja alikuwa anafukuza ndege kwenye dagaa.

"Nikawaza sana," mama aliendelea. "Pale mkono wako ulipofika, hajawahi kufika mtu ila mume wangu na watoto wangu. Mume wangu wewe si. Basi umebaki kuwa mtoto wangu. Mama hamwonei haya mtoto aliyepita humo. Mimi nilipoteza mtoto wa kiume siku ile, na Evelina aliwahi kuniambia wewe umesahau hata kumwita mtu mama kunakuwaje." Akasukuma bakuli mbele. "Mkwe hali na mama mkwe. Mtoto anakula. Kaa hapa ule na mimi kwenye bakuli moja. Ukila, aibu yangu imeisha leo. Nitatoka nje nitembee, nitakwenda kituoni wapime hiyo damu. Na Hellen atavaa koti lake, maana nani atamkataza kusoma kwa kaka yake?"

Odeta alianza kutikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu iliyomshinda. Mzee Ngosha alifumba macho. Ilikuwa njia nzuri. Ilikuwa na heshima. Kila mtu sebuleni aliponywa nayo, isipokuwa wawili.

"Kaka yake," Maige alirudia. "Na kwa Evelina nitakuwa nani?"

Mama alilitazama bakuli. Machozi yalimshuka bila sauti, akayaacha yashuke.

"Mama, nihukumu kwa jambo lingine," Maige alisema. "Niambie nisikanyage tena Igombe. Niambie niongeze nini. Hili..." Akamtazama Evelina. "Sitakula mpaka yeye aseme. Wewe ndiye uliyeniambia ingia, Eve. Sema tena. Ukisema tuondoke, naamka hapa hapa."

Watu wote wakamgeukia. Evelina aliona vitu viwili kwa pamoja. Aliona Sengerema, chumba kidogo, cherehani dirishani, Maige akirudi jioni na chaki kwenye mikono. Alikiona vizuri hata rangi ya pazia aliijua. Halafu akauona mkono wa mama yake juu ya bakuli, ule mwembamba kama mwiko. Akamwona Hellen, aliyekuwa ameacha kupumua. Na akayaona macho ya Maige, na ndani yake, nyuma ya maombi, zile dakika nne. Alijua kwamba hata wakienda Sengerema dakika zile zitakwenda nao, zitalala katikati yao.

Akasimama. Odeta alidhani anaondoka, akanyoosha mkono amzuie. Lakini Evelina alipita, akaenda jikoni, na walimsikia akichota maji mtungini.

Alirudi na jagi na beseni.

Maige alipoliona jagi alielewa. Uso wake ulifanya kitu ambacho Evelina hakutaka kukikumbuka, na ambacho hatakisahau. Evelina alipiga magoti mbele yake, akaweka beseni chini ya mikono yake, akaanza kummiminia.

Maige alinawa. Alinawa kama anavyowafundisha wanafunzi wake siku ya kwanza kabisa, kabla hawajaruhusiwa kugusa hata sanamu: viganja kwanza, kisha migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba kimoja kimoja, kucha, vifundo, mpaka karibu na viwiko. Midomo ya Hellen ilikuwa inahesabu. Alipomaliza akaanza upya. Hakuna aliyemwambia mtu anayekwenda kula ugali hanawi hivyo. Evelina aliendelea kumimina kidogo kidogo, uzi mwembamba, kwa sababu alijua maji yakiisha na yeye amekwisha. Mara mbili vidole vyao viligusana kwenye ukingo wa beseni.

Maji yakaisha. Akalitikisa jagi, likatoa tone moja, basi.

"Bado nina mikono michafu," Maige alinong'ona.

"Hapana," alisema Evelina. "Imetakata."

Maige akasogea mkekani. Akamega ugali, akauchovya kwenye maziwa, akala. Mama Wilhelmina akamega, akala. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tano kumeza chakula watu wakimtazama. Alitafuna polepole, anakula na kulia, na damu kidogo ilianza kurudi kwenye mashavu yake, au labda ndivyo wote walivyotaka kuona.

"Mayu," Maige alisema, neno la Kisukuma la kumwita mama. Likamtoka kwa shida, limekaa miaka mingi bila kutumika.

"Naam, mwanangu."

Odeta alinyanyuka bila kuambiwa, akaingia chumba cha wageni, akarudi na koti jeupe mkononi, limekunjwa vizuri. Akalitupa kwenye mapaja ya Hellen. "Lifue," alisema. "Lina harufu ya sanduku." Hellen alilikumbatia akaficha uso ndani yake.

Evelina alikuwa bado amepiga magoti na jagi tupu. Mzee Ngosha alikohoa. Alikuwa baba mpole, na hakupenda kusema alilolisema, lakini jambo likishafanywa ni lazima litiwe muhuri, la sivyo kesho litafunguliwa tena.

"Evelina, mwanangu. Msalimie kaka yako."

Alimtazama Maige. Kola yake ilikuwa bado imekaa vibaya. Ziwa lilisikika likipiga mawe huko chini, na mtu mmoja barabarani alikuwa anapiga mluzi, ana furaha zake.

"Shikamoo, kaka."

Maige alikuwa na tonge mkononi. Hakuziba masikio. Alilitazama lile tonge muda mrefu, akalirudisha bakulini.

"Marahaba," akaitikia.